Baa 50 zilizobaki kwenye mtungi hatujakuibia

Mteja tuliyempeleka kupiga mbizi amepanda botini juu ya mwamba wa Milimani, hapa kisiwani Mafia, hajavua hata mapezi, anatazama geji ya mtungi wake wa hewa: sindano imelala kwenye baa 50, akiba ambayo tunataka kila mtu arudi nayo juu. "Mbona mmenipandisha na hewa bado ipo?" Wengine huvumilia hadi wafike Dar, kisha hutuandikia kwamba walilipia mtungi mzima wakapewa robo tatu. Na wapo wanaoamini kabisa kwamba tunabakiza hewa ili tumuuzie anayefuata.

Tuanze na hilo la mwisho, maana ni jepesi. Hewa iliyobaki hatuimwagi, kweli. Kompresa inajazia juu yake. Tunachookoa ni dakika chache za mafuta. Kama nia ingekuwa kubana matumizi, tungebania vichujio vya kompresa au kuacha kufungua na kusafisha reguleta (kifaa cha kupumulia kutoka kwenye mtungi) kila mwaka. Huko ndiko pesa inakokwenda, na mteja asingejua mpaka siku ya mambo kuharibika.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi baa 200 (baa ya mgandamizo, si ile ya bia) unabeba lita 2,400 za hewa. Toa baa 50, yaani lita 600, unabaki na 1,800 za kutumia. Mtu mtulivu akiwa juu ya maji hupumua kama lita 20 kwa dakika. Ila kila mita 10 unazoshuka zinaongeza baa moja ya mgandamizo juu ya ile moja iliyopo usoni mwa maji, kwa hiyo mita 10 anatumia lita 40 na mita 20 anatumia 60. Gawanya 1,800 kwa 60: dakika 30. Mtu huyohuyo akikaa mita 10 anapata 45. Mwenye wasiwasi, anayepumua lita 30, akishuka mita 20 amemaliza kwa dakika 20. Ndiyo maana mume na mke walioshuka pamoja, kwa mitungi iliyojazwa sawa, wanapanda na geji tofauti kabisa, na mmoja anadai kapewa mtungi nusu. Geji husomwa kabla ya kuruka majini. Isome mwenyewe, usingoje kusomewa.

Hizo lita 600 zilizobaki ni za watu wawili. Chukulia mko mita 20, oringi (mpira wa kuziba hewa) ya mwenzako inafyatuka na mtungi wake unakwisha. Anakuja kwako kupumulia reguleta yako ya akiba. Nyote mna hofu, kila mmoja anavuta lita 30, jumla 60. Dakika moja ya kushikana na kutulia hapo chini: lita 180. Kupanda kwa mwendo salama, mita 9 au 10 kwa dakika, ni dakika mbili: lita 240. Kusimama dakika 3 mita 5 ili naitrojeni, gesi ya hewani iliyoingia mwilini kwa mgandamizo, itoke taratibu: lita 270. Jumla ni 690. Ulikuwa na 600.

Kwa hiyo baa 50 ni hesabu ya kuwa nayo ukishafika usoni mwa maji. Ukiwa bado chini haitoshi. Kiongozi anakuuliza geji ukiwa bado na 100, na kwenye 70 hivi ameshaanza kukupandisha kufuata mwamba. Halafu sindano zenyewe si Msahafu. Geji nzuri tu inaweza kupotoka baa 5 hadi 10, na karibu na sifuri ndiko hatutaki kuiamini.

Mlango wa Kinasi, uwazi kati ya ghuba na bahari kuu, unadai akiba zaidi. Pale tunapiga mbizi maji yakijaa, kwa sababu mkondo unaingiza maji safi kutoka bahari kuu na kukusukuma ndani ya Ghuba ya Chole, boti ikifuata boya. Maji yakianza kupwa, mkondo unageuka na kukutoa nje. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, unageuka kwa nguvu. Aliyebaki chini dakika kumi zaidi kumtazama chewa anaweza kuibukia upande ambao nahodha hamtarajii. Hiyo pia ndiyo sababu jana tuliondoka saa tatu na leo karibu saa nne: maji husogea kama dakika 50 kila siku. Hatujachelewa.

Sasa ile njia ya mkato inayotusumbua kuliko zote: kubana pumzi. Mtu amesikia kwamba akishika pumzi kati ya kuvuta na kutoa, mtungi unadumu. Anavuta, anahesabu hadi tano, anatoa kidogo. Dakika za mwanzo sindano inamfurahisha. Lakini kinachomsukuma mtu kuvuta pumzi ni kaboni dayoksaidi iliyojikusanya mwilini. Ikizidi anaanza kuhema, na lita 20 zinakuwa 40 bila yeye kupenda. Anarudi botini kichwa kinamgonga, na mbizi ya pili, aliyokwisha kuilipia, inampita akiwa amelala chini ya turubai. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hewa iliyofungwa mapafuni ukiwa mita 10 inatanuka mara mbili ukifika juu. Mapafu yakiwa yamejaa, kuinuka mita moja au mbili tu kunatosha kuyachana. Chini ya maji pumzi haifungwi, hata kidogo.

Ukitaka mtungi udumu, anza kiunoni. Wengi huomba risasi nyingi (vipande vya uzito vya mkanda wa kiunoni) ili wazame upesi. Kilo 3 za ziada zinadai hewa zaidi kwenye jaketi la kuelea, miguu inaning'inia, na kila teke linakusukuma juu badala ya mbele. Kipimo kizuri hufanywa mwisho wa mbizi: mtungi una baa 50, jaketi tupu, mapafu yamejaa kawaida, maji yanakufikia machoni, ukitoa pumzi unazama polepole. Ukijipima mwanzoni na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2, kwa sababu zile lita 1,800 utakazotumia zina uzito wa kilo 2 na ushei. Watu hucheka wakisikia hewa ina kilo. Hawacheki tena wanapofika mita 5 mtungi ukiwa mwepesi na mwili unakataa kukaa chini zile dakika 3.

Anayenyonya mtungi hadi sifuri naye anatuachia kazi. Vali ikibaki wazi, maji ya chumvi yanaingia ndani; mtungi huo haujazwi mpaka vali ifunguliwe, ukaguliwe kwa taa na kukaushwa. Tukiukuta hivyo, tunamtoza aliyeutumia.

Kuhusu bei: mbizi ya dakika 35 na ya dakika 60 zinatugharimu karibu sawa. Boti imekwenda Kinasi na kurudi, nahodha na baharia wake wamekaa juu wakifuata mapovu. Ada ya hifadhi ya bahari hulipwa kwa siku na haiingii mfukoni mwetu. Na asubuhi ya safari hatuzamishi mtu, hata akiongeza pesa. Mbizi moja inataka angalau saa 12 kabla ya ndege, mbizi kadhaa angalau saa 18. Ndege inayoondoka Kilindoni mchana haiungojei mwili wako umalize kutoa naitrojeni.

Mnaotaka kukaa muda mrefu, semeni kabla boti haijatoka Utende. Tutawapanga kundi la mita 10 hadi 12 ndani ya ghuba, ambako matumbawe yana mwanga na mtungi unakwenda mbali. Ukifika 100, mpe kiongozi ishara: weka kiganja juu ya ncha za vidole vya mkono mwingine. Hamsini ni ngumi. Ionyeshe papo hapo, hata kama dakika hiyohiyo kasa amekutokea mbele.