Ziwa Naivasha si tangi la choo

Mhariri, mimi ni mkaazi wa Naivasha, upande wa Kihoto, na tangu ziwa lifurike 2020 likaingia mpaka kwa vyoo vya watu bado tunajifanya majitaka yanapotea tu yenyewe. Hayapotei! Kinyesi na sabuni ni mbolea ya gugumaji (na mashamba ya maua pia yanachangia, tusidanganyane), likifunika maji hewa inaisha huko chini samaki wanakufa. Juzi alfajiri nimeona lori la eksosta (lile la kunyonya majitaka ya vyoo) limerudi nyuma hadi kwa mtaro, jamaa akafungua valvu, akawasha sigara akangoja. Mbele kidogo mama anaosha sukuma wiki. Na hili ziwa liko kwa orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu duniani, tangu 1995. Nani anakagua hizo lori usiku?

Mkaazi, Naivasha