Baba mdogo, binti yako hakukamuliwa damu

Shikamoo baba mdogo, na mbukwenyi kwa wote hapo Kibaigwa.

Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia tumeusikia wote, mpaka walioko Mwanza. Ulisikia binti yako amejitolea kuchangia damu, ukasema ulimpeleka Dodoma akasome uuguzi, hukumpeleka akakamuliwe damu. Shangazi akaandika "kweli kabisa", wengine wakaweka dole gumba, na mdogo wangu mwenyewe akanyamaza, maana kwa malezi mliyompa hawezi kubishana na baba yake mbele za watu. Naomba nikujibu mimi, tena hadharani, kwa sababu wazazi wenye hofu kama yako ni wengi, na sisi wa maabara tumezoea kuwajibu kwa mkato.

Alitoa mililita 450, yaani pungufu kidogo ya nusu lita. Mtu mzima ana lita nne hadi tano na kitu. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili akinywa vizuri, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi. Ndiyo maana mwanaume husubiri miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke minne. Sindano hufunguliwa mbele ya macho yake na haiingii kwa mtu mwingine.

Kuna mahali una haki ya kuuliza, nami sitakuficha. Mabinti wa vyuo hawali vizuri. Asubuhi chai na chapati, mchana chipsi, jioni pesa imekwisha. Ongeza na damu ya kila mwezi. Kwa hiyo kabla ya kuchomwa sindano hupimwa wingi wa damu, na asipofika gramu 12.5 kwa desilita anarudishwa. Uzito nao usipungue kilo 50, na umri uwe miaka 18 na kuendelea. Binti yako alipita vipimo vyote hivyo. Wenzake wanaorudishwa huona aibu bure, kumbe wamepata taarifa muhimu kuhusu miili yao bila gharama. Ukitaka kumsaidia, mtumie karanga na dagaa kwenye basi, mwambie arudie mlenda na maharage ya nyumbani. Hiyo itamfaa kuliko kumkataza.

Sasa lile kubwa. Uliuliza kwa nini damu isitolewe na ndugu wa mgonjwa mwenyewe, siku mgonjwa akihitaji. Wewe ni mfanyabiashara wa mahindi, unajua ghala halijazwi siku njaa imeshaingia. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, anaweza kupotea ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya hapo. Hata mkijaa kwenye fuso kumi na tano kutoka Kibaigwa mkafika wodini mmekunja mikono ya mashati, damu yenu haiwezi kutoka mkononi ikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Lazima kundi lijulikane, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Kazi hiyo ina muda wake, na mama yule hana muda. Damu inayomwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa, iko kwenye friji kabla hajaanza uchungu. Aliitoa mtu asiyemjua.

Na hapa Dodoma mahitaji yameongezeka. Mji ni makao makuu, watu wamejaa, na barabara ya Morogoro mpaka Singida unajua wewe inavyotuletea majeruhi, kwa kuwa inapita mlangoni kwako. Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu (sikoseli) tangu 2023. Watoto wa namna hiyo huhitaji chembe nyekundu, na pia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembe sahani hazikai kwenye akiba zaidi ya siku tano hivi. Tano tu! Mahindi yako yanakaa mwaka.

Chembe nyekundu angalau hukaa siku 35 kwenye mifuko ya kawaida, zikitunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 6. Zikipita hapo zinamwagwa. Ninaposema wanafunzi ndio wanaotubeba, hesabu hii ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwa miaka mingi, timu za damu salama zimekwenda kwenye shule za sekondari na vyuo kwa sababu ndiko walipo vijana wengi, wenye afya, mahali pamoja. Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mahema yanafungwa, muziki unapigwa, mifuko inajaa. Lakini damu ya siku ile mwisho wake ni tarehe 19 Julai. Karibu na wakati huo Chuo Kikuu cha Dodoma huingia likizo ndefu, mabweni yanabaki matupu, vijana wako kwao Kigoma na Kagera. Akina mama hawajifungui kwa kufuata kalenda ya chuo. Kwa maoni yangu tunasherehekea sana Juni na tunasahau Agosti, na wanafunzi wa afya, ambao wengi hubaki mjini kwa mafunzo ya vitendo wodini, ndio wanaoweza kuziba pengo hilo. Binti yako alitoa Agosti. Ndiyo sababu nilimpongeza kwenye kundi kabla hujakasirika.

Hata hivyo sikubaliani na wanaowalazimisha. Nimesikia mahali, sitapataja, kiongozi wa darasa alipitisha karatasi ya majina kana kwamba ni mahudhurio ya kipindi. Hilo ni baya, tena ni hatari. Kuna siku za mwanzo za maambukizi ambapo kipimo bado hakioni kitu. Kinga yetu ya wakati huo ni mtoaji kujibu dodoso kwa ukweli. Mwanafunzi wa uuguzi aliyejichoma kwa sindano iliyotumika wodini anatakiwa aseme na asubiri kwanza. Akiwa amesukumwa na mwalimu, au anaogopa wenzake watamwonaje, atakaa kimya. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kudanganya kwa kusukumwa vivyo hivyo: mtu wake yuko wodini. Nilimuuliza mdogo wangu kama kuna aliyemshurutisha. Akasema alikwenda mwenyewe, na rafiki yake waliyeongozana naye alibadili mawazo mlangoni akarudi bweni, hakuna aliyemsema.

Uliuliza pia majibu yake ya vipimo yako wapi, uyaone. Baba mdogo, nisamehe, hayo hutayaona. Ni mtu mzima, majibu ni yake, na akitaka atayafuata mwenyewe apewe ushauri faraghani. Kesho atakuwa muuguzi anayetunza siri za watu wa Kongwa nzima. Tukimlazimisha leo kufungua yake sebuleni, tunamfundisha nini?

Na uliposema damu inauzwa: damu haiuzwi. Mfuko, vitendanishi (dawa za kupimia), umeme wa friji, vyote vina gharama, na serikali ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Najua unayemfikiria, yule jirani aliyedaiwa hela pembeni hospitalini. Aliyedai alifanya kosa, na dawa yake ni kwenda kwa mganga mkuu au mfawidhi kulalamika, kwa tarehe na jina la wodi. Soda na biskuti alizopewa mdogo wangu si malipo, ni kumrudishia maji na sukari asije akazunguka kichwa akiinuka.

Wewe mwenyewe bado hujafikisha miaka 65 na uzito wako tunaujua. Presha yako ndiyo itakayoamua, kwa hiyo wataje vidonge unavyotumia na uwaache waseme wao. Mzigo wa mahindi ukikuleta mjini, nipigie kabla ya saa nne asubuhi. Uwe umekula.