Simba wa kwenye boksi

Mwanangu Baraka,

Hatujambo nyumbani. Barua yako imefika Jumanne, nikacheka pale uliposema Juma kakuibia simba. Umemchora kwenye ngao yako ya boksi kwa ajili ya igizo, kesho yake naye kaja na simba yuleyule, mkia uleule. Ukaniuliza: hivi picha ina mwenyewe?

Wapo waliosema inaye. Wacrow, watu wa nyanda za Montana kule Marekani.

Mimi fundi viatu, kwa hiyo naanzia kwenye ngozi, utanivumilia. Ngao zao walizitengeneza kwa ngozi ya shingoni mwa dume la baisani, nyati wa kwao. Wanachimba shimo, wanatia mawe ya moto, wanamwagia maji, ngozi wanaitandaza juu ya mvuke. Inajikunja, inanywea, inakuwa nene na ngumu kama soli. Ngozi pana yote ile inabaki duara la kama nusu mita. Mshale haupenyi. Hata risasi ya gobori ikija kwa mshazari, inateleza. Mimi hapo ningedai pesa yangu. Wao walihesabu kwamba kazi yenyewe bado.

Maana picha mtu hajichagulii. Kijana alipanda mlimani peke yake, akafunga, hali wala hanywi, akingoja kuoteshwa. Alichooteshwa ndicho kilichochorwa, na hicho ndicho kilichomkinga kuliko ngozi. Mwenye ndoto aliweza kumruhusu mwenzake kuchora ileile. Aliyejichorea bila ruhusa alikuwa amebeba ngozi tu. Tena ngao haikuachwa wazi ovyo, ilivikwa ngozi laini mpaka siku ya vita.

Chifu wao Arapoosh alijiwa na mwezi katika umbo la mtu. Ngao yake ipo hadi leo, imehifadhiwa na Smithsonian, makumbusho ya huko Marekani: mtu mwembamba kama mifupa, na kichwa cha ndege wa kweli kimefungwa juu yake. Inasimuliwa kwamba kabla ya safari ya vita aliiviringisha kambini. Ikilala picha juu, wanakwenda. Ikifunika uso, wanaahirisha. Aliuawa vitani mwaka 1834.

Sasa huyo simba wako, baba, si ndiye wa kwenye jezi yako nyekundu? Mkia namkumbuka vizuri.

Viatu nimevibadilisha soli, utavipata kwa basi la Ijumaa. Mama anakusalimu.

Baba yako