Cha Kubeba na cha Kuweka: Maelezo kwa Wateja Wanaokusanya Vishikio vya Funguo vya Mafuvu, Mazimwi na Majoka

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi zaidi katika duka letu la Makoroboi, Mwanza, hayahusu bei. Mteja huingia na funguo mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika joka lililokatika bawa, au fuvu ambalo weusi wa matundu ya macho umebanduka likabaki jeupe tupu, kisha anauliza imekuwaje kitu alichokinunua majuzi kikachakaa hivyo ilhali alikitunza. Kwa kawaida ni kweli alikitunza, ila alikitunza mfukoni pamoja na funguo, sarafu na simu, na mfuko wa suruali ni mahali pagumu kuliko watu wanavyodhani. Kila anapopiga hatua, funguo hukisugua kishikio kile kama tupa, na jasho, ambalo lina chumvi, hukipata chuma mahali rangi ilipokwisha kutoka.

Kwa sababu hiyo tunamwomba kila anayeanza kukusanya vitu hivi aamue mapema, akiwa bado kaunta, kama anachokinunua ni cha kubeba au ni cha kuweka. Sura ya kishikio haiwezi kumwamulia jambo hilo, kwa kuwa zimwi la kutisha kuliko yote dukani linaweza kuwa ndilo dhaifu kuliko yote. Kinachoamua ni kitu lilichotengenezwa nacho na namna lilivyofungwa kwenye pete.

Vishikio vizito, vyenye ubaridi wa chuma mkononi, karibu vyote ni vya aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine. Aloi hii huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 400 za Sentigredi, kwa hiyo kiwanda huimimina katika kalibu kwa urahisi na kupata magamba, meno na mishipa midogo ambayo chuma cha kawaida kisingeitoa kwa bei hiyo. Hasara yake ni kwamba sehemu nyembamba hukatika badala ya kupinda, na zikikatika hazichomeleki kirahisi, ndiyo maana mafundi wengi mjini hukurudishia joka lako wakitikisa kichwa. Fuvu la mviringo lisilo na ncha linafaa kubebwa miaka mingi, lakini joka lililotandaza mabawa liwekwe nyumbani. Tunaongeza kwamba vingi kati ya hivi hupakwa nikeli juu, na mtu ambaye hereni au bizimu ya mkanda humwasha ngozi ataona jambo hilohilo hapa, hivyo ni vyema achague cha rezini (plastiki ngumu inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda), cha mbao au cha chuma kisichoshika kutu.

Rezini ndiyo inayotuletea kazi nyingi zaidi za ukarabati. Viunzi vya mifupa, wachawi wenye kofia ndefu na vibwengo vilivyopakwa rangi kwa mkono huwa vya rezini, na ukivigeuza utaona utosini pamechomekwa skrubu ndogo yenye kitundu, ambayo ndiyo inayoshika mnyororo. Skrubu hiyo huzungushwa tu kwenye tundu bila gundi, au kwa tone dogo la gundi ya kukauka haraka, nayo gundi ya namna hiyo haivumilii kutikiswa. Ukikishika kishikio kwa vidole na kuizungusha skrubu taratibu ukaona inacheza, jua kwamba siku si nyingi utabaki na mnyororo mtupu, na kibwengo kitakuwa kimeangukia ndani ya daladala ya Nyegezi. Sisi huitoa, tukasafisha vumbi la rezini ndani ya tundu kwa sindano, tukatia gundi ya epoksi ya mirija miwili, tukairudisha na kumwomba mteja asikitumie hadi kesho yake. Kazi hii ni ndogo, na ingefaa ifanywe kabla kishikio hakijapotea, lakini wengi huja baada ya kupotea kuuliza kama tunacho kingine cha aina ile.

Plastiki laini, ile inayopindika kama vile vibonzo vya popo na mizuka, kwa kawaida ni PVC, nayo ina tabia ambayo mkusanyaji asipoijua itamharibia hata vitu vingine. Ulaini wake unatokana na kilainishi kilichochanganywa humo kiwandani, na kilainishi hicho hujipenyeza nje polepole, hasa penye joto na mahali pasipo na hewa. Ukifungia mzuka wa PVC pamoja na kishikio cha akriliki katika kifuko kimoja cha nailoni, ukakisahau kabatini, utakapokifungua huenda ukakuta vimegandana na rangi ya kimoja imehamia kwa kingine. Akriliki yenyewe, vile vibao vyepesi vinavyoangaza vyenye picha ndani, haipendi spiriti: kitakasa mikono na manukato huifanyia nyufa ndogondogo zisizofutika. Anayebeba kishikio cha akriliki kwenye mkoba wenye chupa ya manukato asishangae.

Vinavyong'aa gizani vina wapenzi wengi, hasa umeme unapokatika, na bei zake hutofautiana kwa sababu ya haki. Vya bei ya chini hutumia salfaidi ya zinki, ambayo mwanga wake hufifia baada ya muda mfupi. Vya bei ya juu hutumia aluminati ya strontiamu, ambayo kampuni ya Nemoto ya Japani ilifanikiwa kuitengenezea rangi ya kung'aa mwaka 1993, nayo huendelea kuonekana kwa saa nyingi usiku. Kuvitofautisha dukani si vigumu. Kimulike kwa tochi ya simu kwa muda mfupi, kifunike kwa viganja, zungumza na muuzaji kidogo, kisha chungulia. Kama mwanga umekwisha kabla hamjamaliza kupatana bei, hicho ni cha salfaidi ya zinki.

Kuhusu vile vyenye macho yanayowaka taa, hapa hatuna mzaha. Ndani yake mna betri ndogo kama za saa ya mkononi, na mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaweza kuunguza umio vibaya sana ndani ya saa mbili. Hatuuzi chenye mfuniko wa betri unaofunguka kwa ukucha. Tunauza chenye skrubu tu, na hata hicho tunasema kisining'inizwe mahali ambapo mtoto mdogo anafika. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, mkimbize hospitali mara moja, usisubiri uone kama itatoka yenyewe.

Turudi kwenye pete, kwa maana ndiko vingi vinakopotelea. Kati ya sanamu na mnyororo huwa kuna pete ndogo ya waya uliokatwa ukakunjwa duara, na mahali ncha zake zinapokutana pana mwanya ambao ukiuangalia kwa karibu utauona unapitisha ukucha. Kila ukivuta funguo mfukoni mwanya unafunguka kidogo zaidi. Dawa yake ni kuiondoa pete hiyo na kuweka pete ya mizunguko miwili, ya aina ileile inayoshika funguo lakini ndogo, ya chuma kisichoshika kutu. Tunaifanya kazi hii kwa plaizi mbili mteja akiwa amesimama hapo, na kwa kishikio kilichonunuliwa kwetu hatutozi chochote. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo watu wa Mwanza wana afadhali kuliko wenzetu wa Pwani ambao chumvi ya bahari inawalia pete haraka, lakini unyevu wa masika bado unatosha kuivisha kutu pete ya chuma duni.

Madereva na waendesha bodaboda tuna neno nao la pekee. Rundo la mafuvu matano ya zinki linaloning'inia kwenye swichi ya gari huivuta swichi hiyo kila tairi linapoingia shimoni. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari takriban milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa kwa sababu ya swichi za kuwashia zilizoweza kujizima gari likitembea, na wakati wenye magari wakisubiri matengenezo waliambiwa waondoe kila kitu kwenye pete na kubaki na ufunguo peke yake. Hitilafu ilikuwa ya swichi zile, wala hatusemi kwamba gari lako lina tatizo hilo, lakini ufunguo wa chombo cha moto hauhitaji zaidi ya kishikio kimoja chepesi, na kwenye pikipiki kiwe kifupi kisigonge tangi na kuchubua rangi. Kulabu yenye kujifunga, inayotenganisha ufunguo wa chombo na funguo za nyumba, inauzwa hapahapa.

Wapo pia wateja ambao tatizo lao si rangi wala pete, ni mama mkwe. Mkusanyaji ametundika mafuvu ukutani, mgeni ameingia, na jioni ukoo mzima unajadili kinachofanyika katika nyumba ile. Hatuwacheki wenye hofu hiyo, kwa sababu Kanda ya Ziwa imeshuhudia watu wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inakataza mtu kumiliki zana za uchawi. Kishikio cha plastiki kilichotoka kiwandani hakimo humo kwa sababu tu kina sura ya kutisha, na ni vyema mwenye nacho awaeleze watu wake waziwazi kwamba ni pambo. Mafuvu yenye maua yanayopendwa sana na kina dada, kwa mfano, yanatokana na sikukuu ya Wamexico ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 1 na 2 Novemba, ambapo familia hupamba makaburi na kula pamoja. Ukiyaeleza hivyo, mzee wa Kikatoliki atakumbuka kwamba naye tarehe 2 Novemba huwaombea marehemu wake. Kwa upande wetu, hatuuzi wala hatununui chochote chenye mfupa, jino, kucha, ngozi au manyoya halisi, hata mteja akiapa kwamba ni vya mbuzi. Meno na kucha za wanyamapori ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Vilevile anayetaka kishikio "kilichofanyiwa dawa" amekosea duka.

Mkusanyiko unaovutia, kwa maoni yetu, ni ule wenye mada. Bidhaa nyingi za aina hii hutoka China, hasa soko la jumla la Yiwu, zikapitia Kariakoo ndipo zifike huku, kwa hiyo kinachouzwa Mwanza kinauzwa na Arusha na Mbeya, na anayenunua kila kipya hatamaliza. Mkusanyaji mmoja anaweza kushika majoka tu, akatenganisha ya Kichina, marefu kama nyoka na kwa kawaida yasiyo na mabawa, na ya Kizungu yenye mabawa ya popo. Mwingine anaweza kufuata mazimwi ya kwetu, ambayo viwanda vya mbali havijayagusa. Popobawa, aliyezua taharuki Pemba na Unguja mwaka 1995, bado hana kishikio kinachostahili sifa zake. Waganda, ng'ambo ya ziwa, wana lukwata, mnyama wa majini anayesimuliwa kuvamia mitumbwi. Wasukuma wana Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, na mtoto aliyemzaa, Masala Kulangwa, ndiye aliyekuja kuliua na kulipasua tumbo watu wakatoka wazima. Ukimweleza mchongaji kisa hicho atakutengenezea Shing'weng'we wa mbao mwenye tumbo kubwa, na hutamkuta mwenzio anaye.

Katika uchongaji huo Wamakonde wamekwisha tangulia. Mtindo wao wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja na viungo vilivyopindapinda, unahusishwa na Samaki Likankoa, aliyeanza kuuchonga miaka ya 1950, na leo wapo wachongaji wanaoutoa kwa ukubwa wa kidole. Nunua cha mpingo halisi. Mbao nyepesi iliyopakwa kiwi nyeusi ya viatu inafanana nao kwa macho, lakini mpingo ni mzito kuliko maji, na kipande chake kikitiwa kwenye glasi huzama hadi chini. Cha kiwi huelea, na mara nyingi huacha alama nyeusi kwenye kitambaa cheupe ukikisugua.

Vya kuweka viwekwe mbali na dirisha. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu ni kali, nalo huigeuza rezini nyeupe kuwa ya manjano, rangi ambayo haioshwi ikatoka. Fremu ya picha yenye kina, ikipigiliwa misumari midogo ndani, inatosha kabisa. Wenye kabati la kioo watie humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na vishikio vya PVC wavitenge.

Ukarabati wa pete na skrubu tunaufanya siku zote za kazi. Kupaka rangi upya hatufanyi, kwa kuwa wakusanyaji wenye uzoefu hukithamini kishikio chenye rangi yake ya kiwandani hata ikiwa imechubuka, na kilichopakwa upya hawakitaki hata kwa kubadilishana. Mizigo mipya ya mafuvu, popo na mizuka huingia kwa wingi kabla ya tarehe 31 Oktoba, ambayo ni Halloween kwa Wazungu, sikukuu ya mapambo ya kutisha, na baada ya hapo bei hushuka. Anayeweza kusubiri hadi Novemba atapata nafuu, ingawa majoka kwa kawaida huwa yamekwisha, na hayo hatuyawekei mtu pembeni bila malipo ya awali.