Mwanangu, usisaini usipopakanyaga

Mwanangu, salaam. Mama yako kaniambia umepata kazi kwenye kampuni ya tathmini za mazingira na Jumatatu unaripoti. Nimefurahi mno, mpaka kijiweni nimewatangazia. Ila soma barua yote, usinijibu "sawa baba" kabla hujamaliza.

Ni hiyo saini yako mwanangu. Usisaini ripoti ya mahali ambapo hujakanyaga.

Mimi sipingi umeme wala viwanda. Bwawa la Nyerere hapo mto Rufiji mitambo 9, megawati 2,115, nchi inauhitaji ule umeme. Lakini pori la Selous ni urithi wa dunia toka 1982, 2014 ikatiwa kwenye orodha ya hatarini, 2019 kipande kikubwa kikamegwa kikawa hifadhi ya taifa na bwawa limo humo humo ndani. Kiwanda waweza kukihamishia Kibaha, pori likishaliwa unalihamishia wapi?

Kwenye ramani mto ni mstari wa bluu tu. Huku bondeni unajua mlau unavyolimwa, maji yakishuka unaingia na jembe tope bado linanata miguuni, unatia mahindi kwenye unyevu huo huo, mbolea hununui. Lile tope ndiyo mbolea, na ukuta wa bwawa unalizuia kule juu. Delta nako, mto unapoingia baharini, kamba wanataka maji baridi yafike kwenye mikoko. Hayo utayaonea wapi ukikaa na kiyoyozi? Walikuja wale watu wa tathmini hapa kwetu, nusu saa chini ya mwembe, soda zikagawiwa, tukasaini mahudhurio, baadaye tunasikia eti tulikubali. Mafuriko ya Aprili 2024 sikukumbushi.

Bosi akikuharakisha mwambie hujafika. Akinuna anune. Kichwa unacho, uvivu wa kutembea ndio unao, likizo mbili hukufika hata shambani, mama yako alinyamaza tu. Saini moja mwanangu, halafu watu wanahamishwa na jina ni lako.

Nunua viatu vya ngozi, raba hizo hazifai porini. Mdogo wako ada bado nusu, usitume sasa, subiri mshahara. Bati la jikoni limeng'oka, fundi anakuja kesho. Chaja yako umeisahau, nimempa kondakta wa basi la asubuhi, mpokee Mbagala Rangi Tatu na umpe elfu mbili yake.

Baba yako