Malalamiko: miche 240 ya mizabibu ya kubebesha mliyonitumia Sikonge

Meneja mauzo, habari za kazi.

Hii ni mara ya tatu nawatafuta, mara mbili za kwanza nilituma meseji WhatsApp zikasomwa na hakuna aliyejibu, ndo maana sa hivi naandika barua kamili na nimeweka picha za mizizi pamoja na risiti yenu.

Mwezi wa kumi na mbili 2023 nilinunua kwenu miche 240 ya mizabibu ya kubebesha, yaani zabibu ya juu imeunganishwa kwenye shina la chini la mzabibu mwingine, kila mmoja shilingi 6,500, jumla 1,560,000, na usafiri wa basi kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Itigi nikalipa mwenyewe 95,000. Kaka wa mauzo niliyeongea naye aliniuliza maswali mawili tu, miche mingapi na hela natuma lini. Hakuuliza udongo wangu ukoje, hakuuliza shamba lilikuwa na zao gani kabla, hakuuliza maji nayatoa wapi. Lebo iliyokuja na miche iliandikwa jina la zabibu ya juu peke yake, Chenin Blanc, kuhusu shina la chini hakuna hata neno, yaani ile nusu ya mche inayokaa ardhini mnamuuzia mtu bila kumwambia ni nini. Nilibanana naye sana kwenye simu ndo akasema ni 3309 Couderc, akaongeza kwamba Wafaransa ndo wanalotumia na linazuia filosera, yule mdudu anayeshambulia mizizi ya mizabibu, nisiwe na wasiwasi.

Sasa naomba mnisikilize hapa maana ndo kiini cha malalamiko yangu. Shamba langu lilikuwa la tumbaku, baba alilima humo miaka na miaka na mimi nikaendelea mpaka nilipochoka kukata kuni za kukaushia. Udongo ni mchanga, ukiushika unamwagika kati ya vidole, na mvua zikikata mwezi wa tano hatuoni tone mpaka wa kumi na moja. Filosera ni mdudu anayeshindwa kwenye mchanga, ndo maana kule Colares, Ureno, mizabibu iliyokuwa kwenye mchanga wa pwani ilibaki imesimama kwa mizizi yake yenyewe wakati mashamba mengine ya Ulaya yanateketea karne ya 19. Kwahiyo mliniuzia dawa ya ugonjwa ambao shambani kwangu haukuwa tishio, na adui aliyekuwepo hamkumfikiria kabisa.

Adui mwenyewe ni minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoingia kwenye mizizi. Sisi watu wa tumbaku tunaijua vizuri, ukirudia tumbaku sehemu moja kila mwaka mizizi inajaa vifundo kama shanga na mmea unadumaa, ndo maana tunahamisha tumbaku tunaweka mahindi. Mwezi wa nane miche ilianza kuwa ya njano, mchana inasinyaa hata kama nimemwagilia asubuhi, nikampigia fundi wenu akaniambia niongeze mbolea, nikanunua CAN mfuko mzima na hali ikazidi kuwa mbaya. Mwishoni nikaita bwana shamba wa kata tukafukua miche sita, yote ina vifundo. Picha mnaziona. Na hiyo 3309 inajulikana kuwa dhaifu kwa hiyo minyoo, tena hata ukame haiuwezi vizuri, kwasababu imetokana na mizabibu pori miwili ya Marekani, riparia na rupestris, na riparia kwao Marekani ni mzabibu wa kingo za mito, umezoea unyevunyevu. Mtu anayefanya biashara ya miche hiyo inabidi ayajue haya kabla ya mimi niliyekuja kuyasoma usiku kwenye simu baada ya hasara.

Nakubali sikusema mwenyewe kwamba lilikuwa shamba la tumbaku. Sikujua kama ni la kusema. Ila ukija Tabora kuuza kitu cha kupanda, swali la tumbaku ndo lilitakiwa liwe la kwanza.

Kuna jingine limeniuma sana. Fundi wenu alinielekeza kwa simu nifukie pale palipounganishwa ili mchwa wasipashambulie na pasikauke. Nikafukia miche yote 240, mimi na wanangu wawili, siku mbili tumeinama. Kumbe pale panatakiwa pabaki juu ya udongo, maana ukifukia, kile kikonyo cha juu kinatoa mizizi yake na baada ya muda lile shina la chini mliloniuzia kwa bei linakuwa halina kazi tena. Mjomba wangu aliyeko Hombolo, Dodoma, anapanda pingili za kawaida bila kubebesha, zinamgharimu kidogo sana, kwahiyo mkiniambia nifukie maunganisho ni sawa na kuniambia nilipe bei ya mche wa kubebesha ili nipate pingili ya mjomba.

Na hakuna aliyeniambia machipukizi ya chini ya maunganisho nayakate. Miche 31 kikonyo kimekufa kinachoota ni shina la chini peke yake, nilikuwa nayafurahia yale majani nikidhani ndo zabibu zangu mpaka bwana shamba akanionyesha kwamba hayafanani na ya juu. Hiyo 31 haitanipa zabibu hata moja ya kuuza. Mingine 88 imekauka kabisa. Iliyobaki ni 121 na yote ni ya njano.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie hela ya miche 119, yaani ile 31 na ile 88, ambayo hainifai tena, jumla shilingi 773,500, au mnipe miche mingine idadi hiyo hiyo kwenye shina linalofaa mchanga wenye minyoo fundo, yaani Ramsey au Dog Ridge, na usafiri iwe juu yenu. Najua hayo mashina yana nguvu sana na kwenye udongo wenye rutuba mzabibu unaweza kukimbilia majani ukasahau matunda, lakini mchanga wangu hauna rutuba ya kutisha kiasi hicho. Kama hamna hayo mniambie ukweli, msije mkanitumia 1103 Paulsen kwa vile linavumilia ukame tu, ukame ni nusu ya tatizo langu. Na kila mche uje na lebo ya juu na ya chini, vyote viwili.

Hiyo 121 namwomba mtaalamu wenu aje aione kwa macho yake, asinishauri kwa simu tena. Nyumba ya kulala ipo, chakula kipo, ataoneshwa shamba lote.

Najua kuna jirani zangu watatu, mmoja anakaa Ipole, ambao walikuwa wanasubiri kuona yangu ili na wao waache tumbaku. Wameshaona. Wananiuliza niwaambie nini na mpaka leo nimekaa kimya nikisubiri jibu lenu.

Mvua huku zinaanza mwezi wa kumi na moja na mashimo yanatakiwa yawe tayari kabla. Naomba jibu kufikia tarehe 15 mwezi wa kumi, namba yangu ni ile ile iliyo kwenye risiti.

Mteja wenu,
Sikonge, Tabora
Septemba 2024