Kumbukumbu za Uwanja wa Dudley Wood

Ndugu wanakikundi,

Nawashukuru kwa picha mlizotuma wiki hii. Naomba kila picha iandikiwe mwaka na timu iliyokuwa mgeni, kwa kuwa vijana waliojiunga karibuni hawakuwahi kuwaona Cradley Heathens, timu yetu ya mbio za pikipiki (speedway) ya Uingereza, wakishindana Dudley Wood kabla uwanja haujafungwa mwaka 1995 na eneo lake kujengwa nyumba.

Ningependa tuanze na mashindano dhidi ya Wolverhampton, maana hata baada ya mwendeshaji wetu Bruce Penhall kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1981 na 1982, na mwendeshaji wetu mwingine, Erik Gundersen, kuutwaa mara tatu baadaye, kufungwa na majirani hao kuliuma kuliko kufungwa na timu yoyote ya mbali. Mtakumbuka waendeshaji wanne wakiingia kona ya kwanza kwa pikipiki zisizo na breki, kiatu cha chuma cha mguu wa kushoto kikiburuza chini, na vumbi likitufikia uzioni.

Wolverhampton nao waliupoteza uwanja wao wa Monmore Green msimu wa 2023 ulipomalizika, na uchungu huo tunaujua vizuri. Mashabiki wao watakaoomba kujiunga nitawapokea, nami nawasihi muwape heshima. Picha zote zinifikie kabla ya Jumapili jioni.